Ugumu, Umagadi na Uchachu: Maji ya Kupikia Pombe katika Homa Bay na Migori na Suala la Istilahi Zake

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Katika methali hii maji ni hila. Tembo hutoka mnazini likiwa limekamilika, na tone lolote linaloongezwa ni la kumpunja mnywaji. Kwa mgema wa pwani fikra hiyo ni sahihi kabisa. Kwa mpika pombe ya nafaka, hata hivyo, mambo huwa kinyume. Busaa ya Nyanza, kong'o ya Waluo na bia ya viwandani haziwezi kuwapo pasipo maji, na takribani sehemu tisa kati ya kumi za kinywaji kinachomiminwa ni maji yenyewe. Mpika pombe hatii maji katika pombe. Anatia nafaka katika maji. Akikosea katika kuyachagua au kuyarekebisha, hakuna kimea kizuri wala chachu bora itakayomwokoa.

Makala haya yana malengo matatu. Kwanza, yanaeleza namna chumvi zilizomo majini zinavyoathiri upikaji wa pombe ya nafaka. Pili, yanayatazama maji ya kaunti mbili jirani, Homa Bay na Migori, ambazo zamani zilikuwa pamoja katika wilaya ya Nyanza Kusini, na kuonyesha jinsi mpishi wa nyumbani anavyoweza kuyarekebisha ili apike bia nyepesi ya rangi ya dhahabu kwa mtindo wa Ubelgiji. Tatu, yanadai kwamba kikwazo kikubwa cha kulieleza jambo hili kwa Kiswahili ni cha istilahi: tunalo neno moja, "ugumu", tunalolitumia kwa sifa mbili za maji zilizo tofauti, na hata pengine zinazopingana.

Msomaji anaweza kushangaa kuiona mada ya namna hii katika jarida la Kiswahili. Jibu letu ni kwamba lugha haikui kwa kujadili lugha peke yake. Kiswahili kinapodaiwa kuwa na uwezo wa kubeba sayansi, madai hayo hayana budi kupimwa jikoni, kisimani na penye pipa la pombe, si katika orodha za istilahi tu. Aidha, ikumbukwe kwamba nchini Kenya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyoifuta sheria ya awali iliyopiga marufuku chang'aa, inadai leseni kwa utengenezaji wa vileo. Maelezo yafuatayo ni ya kitaaluma, na hayamwondolei mtu wajibu huo.

2.0 Maji katika Kauli za Kila Siku

Kiswahili kina utajiri wa kauli za kuyasifu maji. Husemwa maji baridi au maji matamu kwa maana ya maji yasiyo ya bahari. Husemwa pia maji ya chumvi, maji ya mvua, maji ya kisima na maji ya bomba. Vitabu vya sayansi vimetuongezea maji magumu na maji laini. Maji magumu, kwa tafsiri ya vitabu hivyo, ni yale yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, na dalili yake inayojulikana ni kwamba sabuni haitoi povu kwa urahisi.

Katika matumizi ya kawaida, hata hivyo, mtu akiambiwa kuwa maji ya kisima fulani ni magumu, huelewa tu kwamba yana chumvi chumvi na hayafai. Hatofautishi chumvi ipi. Hapo ndipo upotofu unapoanzia, kwa sababu jikoni maji yenye chokaa na maji yenye magadi hutenda mambo tofauti kabisa.

Tuchukue mifano miwili iliyo karibu na kila mtu. Wa kwanza ni sabuni. Katika maji ya chokaa sabuni hugeuka utando mweupe na povu halionekani. Katika maji ya magadi sabuni hutoa povu tele, na nguo huteleza mikononi. Mfuaji atayaita maji haya ya pili laini, na kwa tafsiri ya vitabu hajakosea. Mfano wa pili ni maharagwe. Yakichemshwa katika maji yenye chokaa nyingi, ganda lake hukakamaa na kuni huisha kabla hayajaiva. Yakitiwa magadi kidogo, huiva haraka. Mpishi wa nyoyo na mpishi wa mboga za kienyeji kama apoth wanalijua jambo hili vizuri, na ndiyo sababu magadi huuzwa sokoni. Basi kuna maji ambayo mfuaji anayaita laini, mpishi wa maharagwe anayapenda, lakini mpika bia akiyatumia bila kuyarekebisha humharibia kazi. Ili tujue sababu, hatuna budi kuchungulia ndani ya uji wa kimea.

3.0 Yanayotendeka Ndani ya Uji wa Kimea

Kimea ni nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Katika kuota, nafaka huunda vimeng'enya vyenye uwezo wa kuugeuza wanga kuwa sukari. Mpika bia huchanganya kimea kilichosagwa na maji ya moto, akauweka uji huo katika halijoto ya baina ya nyuzi 62 na 70 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi. Sukari inayopatikana ndiyo ambayo baadaye hamira itaigeuza kuwa alkoholi.

Vimeng'enya hivi havifanyi kazi katika mazingira yoyote tu. Vinahitaji uchachu wa kiasi, yaani pH ya baina ya 5.2 na 5.6. Pengine ni vyema kukumbusha kwamba kipimo chenyewe cha pH kilizaliwa katika mazingira ya bia: kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia Søren Sørensen alipokuwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Uji ukipanda juu ya kiwango hicho, sukari hupungua, uchujaji huwa mzito, na maganda ya nafaka huachilia ukakasi unaobaki ulimini kama wa chai iliyochemshwa mno.

Katika kuamua pH hiyo, kuna pande mbili zinazovutana. Upande wa kwanza ni wa kalsiamu, na kwa kiasi kidogo magnesiamu. Kalsiamu hukutana na fosfeti za kimea, huungana nazo na kuzama, na katika tendo hilo uji huchachuka kidogo. Upande wa pili ni wa bikaboneti. Hizi humeza asidi ya kimea na kuuzuia uji usishuke. Hivyo, ile inayoitwa sifa moja ya "ugumu" katika mazungumzo yetu ni wapinzani wawili: mmoja anaishusha pH, mwingine anaizuia isishuke.

Mtaalamu wa Kijerumani Paul Kolbach aliuweka mvutano huu katika hesabu mwaka 1953. Kwa vipimo vya miligramu katika lita, hesabu yake inaweza kuandikwa hivi: chukua bikaboneti za maji zikiwa zimepimwa kana kwamba ni chokaa, toa kiasi cha kalsiamu kilichogawanywa kwa 1.4, kisha toa kiasi cha magnesiamu kilichogawanywa kwa 1.7. Kinachosalia ndicho kitakachopambana na uchachu wa kimea. Kikiwa karibu na sifuri au chini yake, maji yanafaa kwa bia nyeupe. Kikiwa kikubwa, bia nyeupe itaharibika.

Historia ya bia za Ulaya inaweza kusomwa kwa hesabu hii. Mji wa Pilsen, wenye maji yasiyo na chumvi nyingi, ulizaa bia ya rangi ya dhahabu mwaka 1842. Dublin, wenye maji ya bikaboneti, ulisifika kwa bia nyeusi, kwa kuwa kimea kilichounguzwa kina asidi ya kutosha kushindana na maji hayo. Burton, nchini Uingereza, wenye salfeti nyingi, ulisifika kwa bia chungu na kavu. Wapishi wa miji hiyo hawakuyachagua maji yao. Maji ndiyo yaliyowachagulia bia.

4.0 Maji ya Homa Bay

Mkazi wa Homa Bay anaweza kuteka maji ya aina mbili zilizo mbali sana kikemia ilhali ziko karibu kijiografia.

Aina ya kwanza ni maji ya Ziwa Victoria. Ziwa hili hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu yake, na kwa sababu hiyo chumvi zake ni chache. Vipimo vinavyojulikana vya ziwa kuu ni takribani miligramu 6 za kalsiamu katika lita, miligramu 3 za magnesiamu, miligramu 10 za sodiamu, na bikaboneti zinazolingana na miligramu 46 hivi za chokaa. Katika Ghuba ya Winam, inayopakana na Homa Bay, chumvi huzidi kidogo. Kwa mpika bia haya ni maji mepesi, yanayohitaji kuongezewa zaidi ya kupunguziwa. Tatizo lake halimo katika chumvi. Ghuba hii husumbuliwa na gugumaji na na mwani wa kijani-buluu, na sumu ya baadhi ya mwani huo haiondolewi kwa kuchemsha. Maji yanayotekwa ufukoni yakiwa na utando wa kijani hayafai kupikiwa chochote.

Aina ya pili ni maji ya ardhini katika sehemu za volkano. Milima ya Homa, Ruri na Rangwa ina miamba ya kabonatiti, yaani miamba ya volkano iliyoundwa kwa kaboneti, ambayo ni adimu duniani. Katika Milima ya Homa zipo chemchemi za maji moto. Karibu na Kendu Bay liko Ziwa Simbi, bonde dogo la volkano lenye maji ya magadi ambayo pH yake hufikia 10, na ambalo hutembelewa na heroe. Maji ya Simbi hayanywewi, lakini yanatuonyesha kwa ukubwa kile ambacho visima vya sehemu hizo huwa nacho kwa udogo: bikaboneti za sodiamu nyingi na kalsiamu chache.

Ziwa Simbi lina kisa chake katika fasihi simulizi ya Waluo. Kwa ufupi, ajuza mmoja mgeni alifika kijijini penye sherehe na ulevi, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Usiku mvua kubwa ilinyesha, kijiji kikadidimia, na mahali pake pakawa ziwa. Jina Simbi Nyaima hufasiriwa kuwa Simbi iliyozama. Wahakiki huitazama hadithi hii kama onyo dhidi ya uchoyo, na hivyo ndivyo ilivyo. Hata hivyo, kwa mada yetu ina jambo la ziada. Pombe na maji vinakutana pale, na maji yanayobaki baada ya karamu ni maji ambayo hakuna pombe inayoweza kupikwa kwayo.

5.0 Maji ya Migori

Kusini mwa Homa Bay miamba hubadilika. Sehemu kubwa ya Migori imekaa juu ya miamba mikongwe sana, ya zamani kuliko volkano za Homa kwa mamilioni mengi ya miaka, ikiwemo itale na ile miamba ya kijani yenye dhahabu. Mito Gucha na Migori huungana kabla ya kuingia ziwani. Maji yanayopita juu ya itale huwa hayachukui chokaa nyingi wala magadi mengi. Kwa chumvi zake peke yake, maji ya namna hii ni rahisi kurekebishwa kuliko ya visima vya Homa.

Hata hivyo, dhahabu ina gharama yake. Katika Nyatike, eneo la Macalder likiwemo, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikamata dhahabu. Zebaki inayopotea huishia katika udongo na vijito. Hili ni jambo ambalo mpika pombe hawezi kulirekebisha. Kuchemsha hakuiondoi zebaki majini, na kitambaa cha kuchujia hakiizuii ikiwa imeyeyuka.

Vivyo hivyo kwa floridi, ambayo katika maji ya ardhini ya maeneo ya volkano huweza kupita kiwango cha miligramu 1.5 katika lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi haina rangi wala harufu, na uchemshaji mrefu huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Bia huchemshwa kwa saa moja au zaidi. Busaa hunywewa kwa wingi na mara kwa mara. Kwa hivyo, kabla ya swali la ladha, kuna swali la afya: je, maji haya yana kitu ambacho ujuzi wa jikoni hauwezi kukiondoa? Jibu hupatikana kwa kipimo cha maabara, si kwa ulimi. Ikiwa jibu ni ndiyo, dawa ni kuyaacha maji hayo na kukinga ya mvua.

6.0 Mfano wa Bia ya Rangi ya Dhahabu

Bia nyepesi ya rangi ya dhahabu ya mtindo wa Ubelgiji, ambayo Leffe Blonde ni mfano wake unaojulikana, hupikwa kwa kimea cheupe cha shayiri na sukari kidogo. Alkoholi yake huwa baina ya asilimia 6 na 7.5, na harufu yake ya matunda na karafuu hutokana na hamira. Bia hii tumeiteua kwa sababu haina pa kujifichia. Haina kimea cheusi cha kushindana na bikaboneti, wala uchungu mwingi wa kufunika ukakasi. Kosa la maji huonekana moja kwa moja. Kimea cheupe, hata katika maji yasiyo na chumvi yoyote, hutoa uji wa pH ya 5.7 au 5.8, ilhali tunataka 5.3 au 5.4.

Tuchukulie kwamba mpishi ana lita 25 za maji yenye sifa za ziwa kuu tulizozitaja, yaliyosafishwa na kutiwa klorini. Kazi ya kwanza ni kuiondoa klorini, kwa kuwa huungana na viambato vya kimea na kuleta harufu ya dawa ya hospitali. Maji yachemshwe, au yaachwe katika chombo kipana usiku kucha.

Kazi ya pili ni kuongeza kalsiamu. Kwa kutumia hesabu ya Kolbach, 46 kutoa 4.3 kutoa 1.8 ni takribani 40. Mpishi akitia gramu 2 za kloridi ya kalsiamu, ile ya chenga zenye maji ndani yake, na gramu 2.4 za jasi safi ya kupikia, kalsiamu itapanda kutoka 6 hadi 50 hivi. Hesabu sasa inakuwa 46 kutoa 35.7 kutoa 1.8, nayo ni 8 au 9. Mgawanyo huo una sababu. Kloridi huipa bia unono ulimini, nayo salfeti ya jasi huifanya kavu na kuusukuma uchungu mbele. Kwa vipimo hivi, kloridi itaongezeka kwa miligramu 39 katika lita na salfeti kwa miligramu 54, kiasi kinachotosha bila kuisikilizisha chumvi yenyewe.

Kazi ya tatu ni kuchachua uji. Asidi laktiki ya kutumiwa katika chakula huongezwa mililita moja moja, uji ukikorogwa na kupimwa kila mara mpaka ufike pH inayotakiwa. Mpishi asimimine yote kwa pamoja kwa kutegemea hesabu ya kitabu, kwa sababu kila kimea kina ukaidi wake.

Sasa tuchukulie maji ya kisima yenye bikaboneti zinazolingana na miligramu 300 za chokaa, kalsiamu 20, na sodiamu nyingi. Hapa mpishi aliyeambiwa tu kuwa maji ni magumu huenda akakumbuka ushauri wa vitabu vya Ulaya: chemsha, chokaa izame, kisha umimine maji ya juu. Ushauri huo ni sahihi pale ambapo bikaboneti zimefuatana na kalsiamu. Ndipo ukoko mweupe huonekana ndani ya birika. Lakini bikaboneti za kisima hiki zimefuatana na sodiamu, ambayo haizami. Zikichemshwa, kaboni dioksidi hutoroka na kinachobaki ni kaboneti ya sodiamu, yaani magadi hasa. Maji yanatoka motoni yakiwa na pH kubwa kuliko yalipoingia. Mpishi ameteketeza kuni na kulizidisha tatizo.

Asidi nayo ina mpaka. Kuzimaliza bikaboneti za lita 25 za maji hayo kungehitaji takribani mililita 12 za asidi laktiki ya asilimia 88, na hapo ladha yake ya maziwa lala ingeanza kusikika. Njia iliyo bora ni kuyachanganya na maji ya mvua, ambayo hayana chumvi za kutajika. Kipimo kimoja cha kisima kwa vitatu vya mvua hushusha bikaboneti kutoka 300 hadi 75, na kuanzia hapo mpishi anaendelea kama aliyeteka ziwani. Kaunti hizi hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Paa safi la bati, mfereji na tangi lenye kifuniko ni vifaa vya upikaji bia sawa na sufuria.

7.0 Busaa Ilivyotangulia

Mtu anaweza kuhitimisha kutokana na mfano huo kwamba urekebishaji wa maji ni elimu ya kigeni. Hitimisho hilo halina msingi. Tuutazame upikaji wa busaa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati au karai pana mpaka uwe chenga za rangi ya kahawia. Chenga hizo hutiwa maji na kimea cha wimbi kilichosagwa, ambacho kwa Dholuo huitwa thowi. Mchanganyiko huachwa tena siku chache, ukachujwa, ukanywewa. Zamani wazee waliuzunguka mtungi mmoja wakinywa kwa mirija mirefu iitwayo oseke.

Kwa nini unga uchachushwe kwanza, kabla ya kimea kuingia? Kwa jicho la kemia, hatua hiyo hufanya kazi ileile ya mililita za asidi laktiki. Vijidudu vya uchachushaji huunda asidi laktiki ndani ya unga. Asidi hii haitoki yote kwa kukaangwa, na chenga zinapokutana na maji, humenyana na bikaboneti kabla vimeng'enya vya wimbi havijaanza kazi. Wajerumani, ambao sheria yao maarufu ya bia ya mwaka 1516 imewafanya waepuke kutia asidi ya chupa, hutumia kimea kilichochachushwa kwa sababu iyo hiyo. Wapika busaa, ambao wengi wao ni wanawake, wamekuwa na mbinu inayolingana nayo bila kuhitaji kipimo cha pH.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Maarifa haya yamekaa mikononi na midomoni, zaidi katika Dholuo na Kikuria. Busaa imehusishwa kwa muda mrefu na umaskini, ulevi na misako ya polisi, na ni nadra kijana aliyesoma kutaka kurithi jungu la nyanyake. Kizazi kinachopika kikiondoka, hatua ya kuchachusha unga itaonekana kuwa mila tu, nao wapishi wapya wenye haraka wataiacha. Atakayeteka maji ya magadi na kuiruka hatua hiyo hatajua pombe yake imeharibikia wapi. Kuyahifadhi maarifa haya kwa Kiswahili kunahitaji maneno ya kuyabebea.

8.0 Pendekezo la Istilahi

Tunapendekeza istilahi tatu zitenganishwe, kisha ya nne iundwe kutokana nazo.

(a) Ugumu. Neno hili libaki kwa maana yake ya vitabuni, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu, wala lisitumiwe kwa kila maji yenye chumvi.

(b) Umagadi. Neno hili litumiwe kwa uwezo wa maji kumeza asidi kutokana na bikaboneti na kaboneti. Istilahi iliyozoeleka ni "ualkali". Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya majivu ya mimea, na halina kosa lolote. Udhaifu wake ni wa masikio: katika Kiswahili husemwa ukali wa siki na ukali wa limau, na mwanafunzi anayesikia "ualkali" huweza kudhani kuwa ni sifa ya asidi, ilhali ni kinyume chake. Umagadi, kwa upande wake, humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye kitu anachokijua jikoni.

(c) Uchachu. Neno hili litumiwe kwa hali ya asidi ya uji. Lina faida ya kuwa mzizi wake, chacha, unaeleza pia tendo linaloizaa hali hiyo.

(d) Umagadi baki. Hii iwe istilahi ya kile kinachosalia katika hesabu ya Kolbach baada ya kalsiamu na magnesiamu kutolewa.

Pingamizi moja lafaa kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba magadi ni kaboneti ya sodiamu, na kwamba kuyaita maji ya chokaa kuwa na umagadi ni kupotosha. Jibu ni kwamba lugha imekwisha kufanya upanuzi wa namna hii. Neno chumvi lilikuwa la kitoweo, na leo hutumiwa na wakemia kwa jamii nzima ya michanganyiko ambayo mingi yake haionjeki. Magadi yanaweza kupanuliwa vivyo hivyo.

Yafaa pia kuuliza ni kwa nini Kiswahili hakikuzitenganisha sifa hizi tangu awali. Huenda jibu likawa katika jiolojia. Lugha hii ilikulia pwani, juu ya mwamba wa matumbawe, na katika visima vya mwamba huo kalsiamu na bikaboneti huja pamoja. Mtumiaji wa kisima cha Mombasa au Unguja hakuwa na haja kubwa ya maneno mawili kwa vitu visivyoachana. Kiswahili kilipofika kwenye miamba ya Homa, kilikutana na maji ambamo bikaboneti zimeiacha kalsiamu nyuma. Istilahi inayotosha mahali pamoja huenda isitoshe mahali pengine, na usanifishaji wa lugha hauna budi kulitambua hilo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba urekebishaji wa maji ya kupikia bia unahitaji kutenganisha mambo matatu: ugumu, unaoweza kuongezwa kwa jasi na kloridi ya kalsiamu, umagadi, unaoweza kupunguzwa kwa maji ya mvua na asidi, na sumu kama zebaki na floridi, ambazo mpishi hana njia nyingine ila kuyaacha maji yenye nazo. Yameonyesha pia kwamba uchachushaji wa unga wa busaa ni urekebishaji wa maji kwa jina lingine.

Kazi iliyobaki ni ya wanafunzi wa Kiswahili walio Nyanza na kwingineko. Maneno ya wapika pombe yakusanywe kutoka katika Dholuo, Kikuria, Ekegusii na Kiluhya pamoja na maelezo ya hatua zao, yalinganishwe, na yale yanayofaa yaingizwe katika Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ilituonyesha kwamba kazi ya istilahi za sayansi inawezekana. Iliyo mbele yetu sasa haianzii katika maabara. Inaanzia kwa mwanamke aliyeinama juu ya karai la chenga, naye anayo majibu ya maswali ambayo bado hatujamuuliza.